Shahidi Mwaminifu na Kitabu Chake



Mji wa Babati ni njia panda. Barabara itokayo Arusha kwenda Dodoma yapita hapo, nayo barabara ya Singida huachana nayo hapo hapo. Tangu mkoa wa Manyara ulipotengwa na mkoa wa Arusha mwaka 2002, na Babati ukafanywa makao makuu yake, watu wamezidi kukusanyika. Wako Wagorowa, wenyeji wa nchi. Wako Wairaqw, Wabarbaig, Wambugwe na Warangi. Wako na wageni wa mikoa mingine waliokuja kwa biashara au kwa kazi za serikali. Wengine ni Wakristo, wengine ni Waislamu, wengine wazishika desturi za baba zao. Hununua na kuuza pamoja, hupanda gari moja, huoana, tena huzikana. Basi, Mkristo akaaye katika mji wa namna hii hawezi kuiweka imani yake kama yule mtumwa aliyeifunga fedha ya bwana wake katika leso. Apende asipende, ataulizwa.

Na swali analoulizwa mara nyingi ni hili: "Mwakiaminije kitabu chenu, nanyi mnazo Biblia zisizopatana?" Swali hili si geni. Tangu miaka ya 1980 limesikika katika mihadhara ya dini katika miji mingi ya Tanzania, na kutoka huko limeingia madukani, vijiweni na katika vituo vya mabasi. Muulizaji huifungua Biblia ya Tafsiri ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, akaonyesha 1 Yohana 5:7-8, mahali palipo na maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni, nayo maneno yale yamefungwa katika mabano. Kisha huifungua Biblia Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990, akaonyesha ya kuwa maneno hayo hayamo. Ndipo huuliza: "Ni nani aliyeyakata? Au ni nani aliyeyaongeza?"

Ndugu, sharti tukiri ya kwamba swali hili ni halali. Aulizaye hivi hajatukana. Amesoma, na alilolisoma limo kweli katika kurasa. Lakini majibu yetu mara nyingi hayafai. Wako wakasirikao, wakasema ya kuwa mtu huyu ni adui wa imani. Wako wakanao, wakasema hakuna tofauti yo yote, wala hapakuwa nayo kamwe. Wako wakiachao kitabu chao wenyewe, wakaanza kukishambulia kitabu cha jirani, wasichokisoma hata ukurasa mmoja. Tena wako wanyamazao, kisha wakirudi nyumbani huwa na hofu ndani ya moyo, nao hawamwambii mtu.

Basi, jambo nitakalo tulifikiri pamoja ni hili: Je, imempasa shahidi wa Kristo kuyaficha magumu ya kitabu chake, ili imani isitikisike? Au kuyasema wazi ndiko kukiamini kitabu hicho?

Tusikie kwanza jibu la Maandiko yenyewe. Katika Ayubu 13 yule mtu wa mateso anawauliza rafiki zake kama watanena kwa hila kwa ajili ya Mungu, kana kwamba Mungu ahitaji uongo wa kumtetea. Naye anawaonya ya kuwa Mungu mwenyewe atawakemea. Rafiki zake hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa dini, na kusudi lao lilikuwa kumlinda Mungu asilaumiwe. Lakini mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, maana hawakunena yaliyo sawa. Tena Paulo, katika 2 Wakorintho 4, anawaambia Wakorintho ya kuwa ameyakataa mambo ya siri ya aibu, wala halichanganyi neno la Mungu na uongo, bali ajionyesha mbele ya dhamiri za watu kwa kuidhihirisha kweli. Haya ndiyo kanuni yetu. Asemaye uongo ili kuitetea kweli ameisaliti kabla ya kuitetea.

Sasa tulijibu swali lenyewe. Maneno yale ya mabano yametoka wapi? Hayakukatwa na watu wa siku hizi, yaliongezwa zamani. Katika hati za Kiyunani zilizo za kale hayamo. Yalianza kuonekana katika maandiko ya Kilatini ya nchi za magharibi, ambako yaelekea ya kuwa mtu aliyafafanua maneno ya Yohana juu ya Roho na maji na damu, na maelezo yale yakaingia katika nakala zilizofuata. Erasmus, mtu mwenye elimu, alipolipiga chapa Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, na tena mwaka 1519, hakuyaweka, kwa kuwa hakuyaona katika hati za Kiyunani alizokuwa nazo. Watu wakamlaumu sana, naye katika chapa ya mwaka 1522 akayatia.

Na Martin Luther je? Sisi tuitwao kwa jina lake yafaa tujue jambo hili. Alipolifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka Septemba 1522, alifuata chapa ya Erasmus ya mwaka 1519. Kwa hiyo maneno yale hayakuwamo; wala hayakutiwa katika Biblia yake wakati wote wa uhai wake, mpaka alipokufa mwaka 1546. Watu wengine waliyatia baadaye. Basi, mtu akimwambia Mlutheri ya kuwa Biblia isiyo na maneno hayo imeharibiwa, na ajue ya kuwa Luther mwenyewe aliisoma na kuihubiri Biblia ya namna hiyo.

Labda mtu atasema, "Je, fundisho la Utatu halikuanguka pamoja na maneno hayo?" Halikuanguka, maana halikujengwa juu yake. Mababa waliokutanika Nikea mwaka 325, na Konstantinopoli mwaka 381, walishindana kwa nguvu nyingi juu ya Baba na Mwana na Roho. Kama maneno yale yangalikuwa mikononi mwao, ni nani asiyejua ya kuwa wangaliyatumia kila siku? Hawakuyatumia. Walitumia agizo la ubatizo katika Mathayo 28, mwanzo wa Injili ya Yohana, nyaraka za Paulo, na Maandiko mengine mengi. Nguzo za nyumba zilikuwako kabla ya pambo lile kutundikwa ukutani; pambo likiondolewa, nyumba yasimama.

Lakini swali la pili laja upesi: "Kama neno moja liliongezwa, mwajuaje ya kuwa mengine hayakuongezwa?" Swali hili ni zuri kuliko la kwanza. Fikirini, ndugu, jinsi tulivyolijua lile moja. Tulilijua kwa sababu nakala ni nyingi, tena zilitawanyika. Hati za Agano Jipya za Kiyunani zijulikanazo leo ni zaidi ya 5,000, nyingine nzima, nyingine vipande tu. Nazo zilitoka Misri, Shamu, Asia Ndogo, Ugiriki na Italia. Mwandishi wa mahali pamoja akikosea, au akiongeza, hakuweza kuzifikia nakala zilizokwisha kwenda mahali pengine. Ndiyo sababu zikilinganishwa hushuhudiana na kusahihishana. Ni kama habari ya mirathi iliyosikiwa na wazee wa vijiji kumi: mzee mmoja akiongeza neno, wale tisa watamfichua. Bali kama habari ingalikuwa kwa mzee mmoja tu, hakuna ambaye angaliona tofauti. Lakini pia hakuna ambaye angaliweza kumpima.

Tusifiche ya kuwa tofauti katika hati hizo ni nyingi sana. Zilizo nyingi ni za herufi, za mpango wa maneno, za jina lililoandikwa mara mbili au kurukwa. Chache ni kubwa. Mwisho wa Marko, yaani 16:9-20, haumo katika hati mbili mashuhuri za karne ya nne, ile ya Sinai na ile ya Vatikano. Habari ya mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi, katika Yohana 8, haimo katika hati nyingi za kale. Mwalimu na ayajue haya, naye asione haya kuyasema. Hakuna fundisho la imani yetu lililotundikwa juu ya mojawapo ya mafungu haya peke yake.

Tena tuitazame kazi ya kunakili ilivyokuwa. Katika mji wa Manchester, Uingereza, kimehifadhiwa kipande kidogo cha karatasi ya mafunjo, chaweza kukaa katika kiganja cha mkono. Kilitangazwa mwaka 1935, na wenye elimu wengi hukihesabu kuwa cha karne ya pili. Kina mistari michache ya Yohana 18, Bwana wetu akisimama mbele ya Pilato. Nayo ni habari ile ile tuisomayo Ijumaa Kuu. Kwa Agano la Kale, mwaka 1947 vilianza kuonekana vyuo vya kale katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Kimoja ni chuo cha Isaya, kilichoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa Kristo. Nacho ni cha kale kwa kama miaka 1,000 kuliko Biblia nzima za Kiebrania zilizojulikana kabla yake. Walipovilinganisha, waliziona tofauti nyingi ndogo za maandishi, na chache za maneno. Lakini ni Isaya yule yule, mwenye maonyo yale yale na faraja ile ile.

Hayo ni ya hati. Jambo la tafsiri ni jingine, wala tusiyachanganye. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Katika mwaka ule ule alimzika mkewe na mtoto wake mchanga. Naye akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baadaye Askofu Edward Steere alifanya kazi Unguja. Agano Jipya likatoka mwaka 1879, na Biblia nzima mwaka 1891, miaka tisa baada ya kufa kwake. Huko Mombasa nako ikatolewa tafsiri ya Kimvita. Kisha Karl Roehl, wa misioni ya Kilutheri, akisaidiwa na kina Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937; naye alitaka kupunguza maneno ya Kiarabu, ili Kiswahili cha Biblia kiwakaribie watu wa bara. Ndipo Tafsiri ya Muungano ilipokuja, ili watu wa Unguja na wa Mombasa wasome kitabu kimoja.

Je, kazi hizi nyingi ni ishara ya kuharibu? Sisi wa Babati tusingepaswa kulitafuta jibu mbali. Hapa kwetu Kiiraqw na Kigorowa ni lugha za jamaa moja, Kibarbaig ni cha jamaa nyingine, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Mhubiri akisimama mbele ya watu wa namna hizi, wakalimani wawili wakiyageuza maneno yake, hakuna asemaye ya kuwa mhubiri amehubiri hotuba mbili. Kila mmoja ametafuta neno la kwao lililo karibu na neno la mhubiri. Na kama mkalimani amekosea, yuko katika kusanyiko ajuaye lugha zote mbili, naye atasema. Ndivyo ilivyo na Biblia: Kiyunani na Kiebrania havikufichwa, awezaye kujifunza na ajifunze, akawapime wafasiri wote.

Watazameni wauzao mbaazi, zao ambalo wilaya yetu yajulikana kwalo. Mnunuzi mwenye busara hatosheki kutazama juu ya gunia. Huchoma bambo ubavuni, akatoa punje za ndani, akazitia kiganjani. Muuzaji aliyechanganya mchanga chini hukasirika aonapo bambo. Muuzaji mwaminifu husema, "Choma upande wo wote utakao." Hasemi ya kuwa hakuna hata punje moja iliyotobolewa na mdudu, asema, "Hizi ndizo mbaazi zangu, zipime." Mabano yale katika Biblia zetu ni alama ya bambo. Wafasiri wenyewe waliyatia, ili msomaji ajue mahali penye shaka. Kitabu kimwonyeshacho msomaji mahali pa kukipima, chamwambia pia ya kuwa hakiogopi kipimo.

Lakini hapa nataka niwaonye ninyi mpendao kushinda katika mabishano. Hata tukionyesha ya kuwa kitabu kilinakiliwa vema, hatujaonyesha bado ya kuwa yaliyomo ni kweli. Barua ya uongo yaweza kunakiliwa bila kosa hata moja. Kwa hiyo sharti twende mbele, tuwapime mashahidi wenyewe jinsi wazee wawapimavyo mashahidi barazani. Wazee huuliza: Alikuwako, au amesikia kwa mwingine? Apata faida gani? Je, ataja na yale yamtiayo aibu? Basi, Luka aanza kwa kusema ya kuwa alitafuta habari kwa usahihi kwa wale walioona tangu mwanzo. Paulo, katika 1 Wakorintho 15, barua iliyoandikwa kama miaka 25 tu baada ya msalaba, ataja zaidi ya watu 500 waliomwona Bwana, ambao wengi walikuwa hai, wakiweza kuulizwa. Petro, mkuu wa mitume, ameandikwa katika Injili zote nne ya kuwa alimkana Bwana wake. Na mashahidi wa kwanza wa kaburi tupu ni wanawake, ambao ushahidi wao haukuhesabiwa sana katika siku zile. Mtu atungaye hadithi ili asifiwe hatungi hivi.

Tena kumbukeni ya kuwa katika karne ya pili Tatiano aliziunganisha Injili nne zikawa kitabu kimoja, pasipo tofauti za kusumbua. Makanisa ya Shamu yalikitumia siku nyingi. Lakini katika karne ya tano askofu Theodoreto alizikusanya nakala zake zaidi ya 200, akaziweka Injili nne mahali pake. Kanisa lilikuwa na njia rahisi ya kuziondoa tofauti za mashahidi, wala halikuishika. Lilichagua kubaki na mashahidi wanne, kila mmoja na sauti yake.

Na hata baada ya hayo yote, imani haizaliwi na hesabu za hati. Katika Katekisimo Ndogo tumefundishwa ya kuwa mtu hawezi kumwamini Kristo kwa akili na nguvu zake mwenyewe; Roho Mtakatifu ndiye amwitaye kwa Injili. Hili lamfungua shahidi mzigo mzito. Hakutumwa kumshinda mtu. Ametumwa kusema kweli, kwa upole na kwa hofu, kama Petro aagizavyo katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3. Ajuaye ya kuwa kugeuza mioyo si kazi yake hana haja ya hila.

Najua wako watakaosema: "Mambo haya ni magumu; tukiwafundisha wadogo, watakwazwa." Neno hili lina uzito, maana Paulo atuagiza tusimkwaze aliye dhaifu. Mtoto hapewi chakula kigumu siku ya kwanza. Lakini kumngoja mtu akue ni kitu kimoja, na kumdanganya ni kitu kingine. Tena fikirini ni nani atakayemwambia, kama sisi hatumwambii. Kijana aliyemaliza Kipaimara atakwenda sokoni, atakwenda shuleni, ana na simu mkononi, atayaona mabano. Akiwa ameyasikia kwanza kwa mwalimu wake, atajibu kwa utulivu. Akiyasikia kwanza kwa mtu wa kumcheka, hataumizwa na mabano. Ataumizwa na fikira hii, kwamba mwalimu wangu alijua akanificha, basi amenificha nini tena? Hapo si Yohana aliyepoteza uaminifu wake, ni sisi.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. La kwanza, kila mwalimu wa Kipaimara atenge kipindi kimoja awaonyeshe wanafunzi mabano ya 1 Yohana 5, na mwisho wa Marko, akawaeleze asili yake. La pili, mtu akiulizwa asilolijua, aseme, "Sijui, nitatafuta," kisha atafute kweli, akarudi na jibu. La tatu, tuikumbuke amri ya nane. Tusikinenee kitabu cha jirani yetu maneno tusiyoyahakikisha. Mwislamu aliye jirani yako yampasa kusikia kwako habari ya Kristo. Hakuna faida asikiapo kwako masingizio.

Mwisho, watazameni Wasamaria wa Yohana 4. Kwanza waliamini kwa ajili ya neno la mwanamke, shahidi ambaye sifa yake mjini ilikuwa na mashaka mengi, naye hakuwaficha hayo. Kisha walikwenda wenyewe, wakasikia wenyewe, wakamwambia ya kuwa sasa wamejua bila kulitegemea neno lake. Shahidi mwaminifu hafurahii kuaminiwa yeye. Huwafungulia watu kitabu, akawapa nafasi ya kukipima, akasimama kando, hata wamsikie mwenyewe yeye ambaye kitabu chamshuhudia.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.